Kifukizi si Kinyunyizi: Istilahi za Sigara ya Kielektroniki ya Kusuka

Ruaha Mbuyuni ni kituo ambapo magari ya mizigo ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia hupumzika kabla ya kuukabili mlima Kitonga. Kando ya barabara huuzwa vitunguu kwa viroba na kwa mafungu, na kama jina la mahali linavyomweleza msomaji, ubuyu nao haukosekani. Tulisimama hapo katika safari ya kukusanya msamiati wa wakulima wa vitunguu, kazi ambayo haikuhusiana na sigara hata kidogo. Chini ya kibanda cha fundi alikuwapo mkulima mmoja mtu mzima, amelifungua bomba lake la mgongoni, akiizibua nozeli kwa unyasi. Unyasi ulipomshinda, akaitia nozeli mdomoni na kuipuliza. Kando yake alikaa utingo wa lori lililokuwa likielekea Tunduma. Naye amefungua kifaa chake kidogo cha chuma na kioo, akichomoa humo kipande cha pamba kilichoungua.

Mkulima akauliza, “Mwanangu, na hicho nacho kinapuliza nini?”

“Juisi, mzee,” akajibu kijana.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Watu wawili, kila mmoja na tangi lake, kila mmoja na kitundu chake kilichoziba, walikuwa wakisafisha vyombo vinavyogeuza kimiminika kuwa matone madogo yanayoelea hewani. Mmoja aliita alichotia katika tangi lake dawa, ingawa ni sumu ya wadudu. Wa pili aliita alichotia katika tangi lake juisi, ingawa ndani yake mna nikotini, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa yenyewe ikiuzwa kama sumu ya wadudu. Tunaamini kwamba hapa lugha imewapungukia wote wawili.

Kwanza yafaa tueleze kifaa chenyewe, maana istilahi haiwezi kuundwa na mtu asiyejua kitu kinavyofanya kazi. Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wa mijini huiita veipu, haina jani la tumbaku wala moto. Mmarekani Herbert Gilbert alipewa hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1965, lakini hakikuenea. Kilichoenea ni kile cha mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alichokibuni mwaka 2003. Ndani yake mna betri, waya uliosokotwa unaopata moto umeme unapopita, utambi wa pamba unaonyonya kimiminika na kukifikisha kwenye waya huo, na mrija wa kuvutia. Kimiminika aghalabu ni mchanganyiko wa glisirini na propilini glaikoli, viungo vya kukipa ladha, na mara nyingi nikotini.

Lugha za Ulaya huliita bomba la manukato na kiungo hiki cha sigara ya kielektroniki kwa jina moja, lililoundwa kutokana na neno atomu. Jina hilo ni zuri masikioni na bovu katika maana, kwa kuwa hakuna atomu inayoguswa katika kifaa chochote kati ya hivyo. Baya zaidi, jina hilo limefuta tofauti kubwa ya utendaji. Bomba la mkulima hutumia msukumo: hewa iliyoshindiliwa hukisukuma kimiminika kipite katika tundu jembamba, nacho hupasuka kuwa matone ambayo aghalabu huwa na upana wa sehemu ya kumi ya milimita au zaidi. Sigara ya kielektroniki hutumia joto: kimiminika kilicho katika utambi huchemka, hugeuka kuwa gesi, kisha gesi hiyo hukutana na hewa baridi iingiayo na kugandamana tena kuwa matone madogo mno, mengi yake yasiyofikia hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Matone ya bomba huanguka juu ya jani la kitunguu. Matone ya sigara hii huelea, na kwa sababu ya udogo wake hufika ndani kabisa ya mapafu.

Kwa hiyo neno kinyunyizi, ambalo baadhi ya wafasiri wamekwisha kulitumia kwa vyote viwili, lafaa bomba peke yake. Kwa kiungo cha joto tunapendekeza kifukizi. Kitenzi kufukiza kimo katika lugha yetu tangu zamani, na kila aliyekwisha kuona udi ukitiwa katika chetezo anajua kwamba kufukiza ni kukitoa kitu hewani kwa njia ya joto. Hatukuhitaji kwenda mbali. Utaratibu tuliouzoea ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kama tulivyolipata neno ngeli katika Kihaya, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwishoni ndipo kukopa kutoka ng’ambo. Hapa tulilipata neno mlangoni.

Hata hivyo pendekezo hili lilipingwa miongoni mwetu wenyewe, na upinzani huo una nguvu. Kufukiza, alisema mmoja wetu, kuna harufu ya tiba. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, nchi nzima ilizungumza habari za nyungu na kujifukiza. Leo ukimwambia mtu kwamba kijana fulani anajifukiza, atampa pole na kumuulizia mafua yake. Je, si tutakuwa tumekivalisha kifaa cha nikotini kanzu ya mganga? Tumeliona jambo hilo, na kwa sababu hiyo tunaweka mpaka: kifukizi liwe jina la kiungo peke yake, yaani pale penye waya na utambi. Tendo la mtumiaji lisiitwe kujifukiza kamwe. Tendo hilo lina kitenzi chake, kuvuta, nacho chatosha. Waingereza walilazimika kubuni kitenzi kipya, hata wenye kamusi za Oxford wakakitangaza kuwa neno la mwaka 2014, kwa sababu kitenzi chao cha zamani kimefungamana na moshi. Kitenzi chetu hakikufungamana na chochote. Mtu huvuta sigara, huvuta kiko, huvuta ugoro puani, huvuta hewa na huvuta kamba.

Kitokacho kifaani nacho kimeleta shida. Wauzaji husema mvuke. Neno hili lina hila, pengine bila wao kukusudia, kwa maana Mswahili akisikia mvuke huona birika na sufuria ya wali, yaani maji safi. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Propilini glaikoli huchemka kwa nyuzi 188 na glisirini kwa nyuzi 290. Wingu hili basi lina mambo mengi kuliko mvuke wa birika. Wengine husema moshi, nalo si sahihi, kwa kuwa hakuna kilichoungua, isipokuwa utambi ukikauka, habari ambayo tutaifikia. Wanasayansi husema erosoli, neno linalofaa katika vitabu vyao. Kwa matumizi ya kila siku tunapendekeza ukungu. Mwenyeji wa Iringa au Mbeya hahitaji kufafanuliwa ukungu ni nini: ni matone madogo yasiyoonekana moja moja, yanayoelea, yanayolowesha. Kwamba ukungu ni pia jina la kuvu inayoota juu ya mkate, hilo halitusumbui, muktadha utaamua.

Sasa tuje kwenye kundi la vifaa ambalo utingo yule alikuwa nalo mkononi, kwa kuwa ndilo lenye utajiri wa mambo. Vifukizi viko vya aina mbili. Kuna vile ambavyo waya na utambi wake vikichakaa hutupwa vizima na kununuliwa vingine. Na kuna vile ambavyo mwenyewe huvifungua, akaondoa waya wa zamani, akasokota mpya, akatia pamba mpya na kuendelea. Tulijaribu kwanza kusema kifukizi cha kujengwa upya, tukaona ni tafsiri ya maneno tu. Ndipo tulipokumbuka mafundi wa mota. Katika miji yetu yote yapo mabango ya mafundi wanaosuka mota, yaani wanaotoa waya wa shaba ulioungua na kuzungusha mwingine mahali pake. Kusuka ndilo neno lao, na kazi ni ileile kwa umbo dogo. Kwa hiyo tunapendekeza kifukizi cha kusuka, na kinyume chake kiitwe kifukizi cha kutupa. Tulipomtajia utingo, hakushangaa hata kidogo; alisema yeye siku zote husema “nakisuka”, na akatuuliza tulidhani watu husemaje.

Waya wenyewe uliozungushwa ungeweza kuitwa msokoto, kama isingekuwa msokoto umekwisha kuchukuliwa na bangi. Hatutaki askari wa barabarani amkamate mtu kwa istilahi yetu. Neno koili limo katika vitabu vya fizikia vya shule, nalo libaki. Koili hutengenezwa kwa waya wenye ukinzani mkubwa kuliko shaba: upo wa chuma, kromiamu na aluminiamu, ambao hujulikana kwa jina la kibiashara la Kanthal, upo wa nikeli na kromiamu, jamii ya ule ulio katika majiko na pasi za umeme, na upo wa chuma cha pua. Kwa kuwa pua ni aina ya chuma na pia ni kiungo cha uso, tunawasihi wafasiri wasiitwishe mzigo wa tatu kwa kuiita nozeli ya bomba pua.

Utambi hauhitaji kujadiliwa. Ni uleule wa koroboi na wa jiko la mafuta ya taa, unapandisha kimiminika kwa kunyonya, na kila aliyekulia na koroboi anajua kanuni yake bila kufundishwa: utambi ukibanwa mno katika mdomo wa koroboi mafuta hayapandi na moto hufifia, ukilegea mno mafuta huvuja. Ndivyo ilivyo humu. Pamba ikishindiliwa ndani ya koili hukauka kabla ya kimiminika kufika, nayo huungua. Hapo ndipo ukungu unapogeuka kuwa moshi kweli, mchungu wa kukwaruza koo, wenye kemikali kali kama fomaldihaidi. Pamba ikiwa haba, tangi huvuja kwa chini. Fundi mzuri huilowesha pamba kwanza kabla ya kuwasha umeme mara ya kwanza.

Tulipofika kwenye sehemu za nje za kifaa tulikuta hazina ambayo tulikuwa tumeisahau. Wazee wa pwani walivuta tumbaku kwa kiko cha maji, na kila sehemu ya kiko hicho ilikuwa na jina. Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili ambao ulitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1870, alitunza majina hayo: bori ni kikombe cha juu kinachotiwa tumbaku na moto; digali ni mrija unaotoka kwenye bori na kuingia majini; kiko hasa ni chombo chenye maji, ambacho aghalabu kilikuwa kifuu cha nazi; shilamu ni mrija wa kuvutia unaokwenda mdomoni; na mlio wa maji yanapobubujika huitwa malio ya kiko. Leo vijana wanaovuta shisha hawayajui hata moja ya maneno hayo, nao husema mpira na kichwa. Tunaona ni hasara maneno matano yaliyokamilika kulala kamusini huku tukikopa mengine.

Tunapendekeza basi shilamu kwa kipande cha kuvutia kilicho juu ya kifukizi. Tunapendekeza bori kwa kijumba kidogo kinachoifunika koili, maana ni pale penye joto, kama ilivyokuwa katika kiko. Kwa mrija unaopandisha ukungu kutoka bori hadi shilamu tulishawishika kusema digali, tukajizuia: digali hushuka kwenda majini, mrija huu hupanda kwenda mdomoni. Tumechagua dohani, neno la bomba la moshi la jikoni, ambalo kwa umbo na kazi halina kasoro. Tangi ni tangi. Sehemu ya chini inayobeba koili iitwe kitako, na vishikio viwili vya chuma vinavyobana miguu ya koili kwa skrubu viitwe nguzo. Hesi ni neno la zamani la mikato ya skrubu, nalo latufaa kwa sehemu inayokazwa kwenye betri. Hesi iliyoenea duniani huitwa kwa namba 510, na mnunuzi ataikuta imeandikwa hivyo. Matundu ya hewa hufunguliwa na kufungwa kwa pete inayozunguka, tuliyoiita pete ya hewa; mafundi wa pikipiki hawatahitaji maelezo, kwa kuwa kabureta huwafundisha kila siku kwamba hewa na kimiminika lazima vipimane.

Vifukizi vya kusuka navyo vina tofauti kati yake. Kimoja kina tangi linalozunguka bori, na utambi hushukia humo kupitia vitundu vya kitako; hiki ni kifukizi cha tangi. Kingine hakina tangi: mtumiaji hudondosha matone machache moja kwa moja juu ya pamba, akavuta mara chache, akadondosha tena. Hiki tumekiita kifukizi cha kudondoshea. Kipo na cha tatu kinachochanganya mambo hayo mawili, lakini hatukuona haja ya kukipa neno la peke yake. Kifukizi cha kudondoshea chenye tangi kinaeleweka. Anayeanza, au anayetaka kuachana na sigara ya tumbaku, atafaa zaidi kwa cha tangi chenye koili moja, kwa sababu cha kudondoshea kinahitaji uangalifu wa kila dakika, na asiyeangalia huvuta pamba iliyoungua. Kwa dereva aliye kazini cha kudondoshea hakifai kabisa. Hatuoni ni vipi mtu atashika usukani Kitonga huku akihesabu matone.

Neno lenye uzito kuliko yote katika uchaguzi ni ukinzani. Limekubalika katika fizikia, hupimwa kwa omu, na anayesuka koili bila kulielewa anacheza na moto kwa maana halisi. Kanuni ni ya darasani: gawa volti kwa omu, utapata ampea. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2. Koili ya omu 1.2 itavuta ampea 3.5 na kutoa joto la wati karibu 15; huo ni mvuto mdogo, unaofanana na wa sigara, ambapo ukungu huingia kwanza mdomoni kisha mapafuni. Koili ya omu 0.2 itavuta ampea 21 na kutoa wati 88, zaidi ya vyuma vingi vya kulehemu risasi. Hapo mvutaji huvuta moja kwa moja mapafuni, na wingu hujaza chumba. Ukinzani ukishuka, mzigo wa betri hupanda. Betri nyingi ndogo haziwezi kutoa ampea 21 bila kupata moto, na namba iliyochapwa ubavuni mwake si ya kuaminika daima. Vipo vifaa vyenye saketi ya ulinzi inayopima ukinzani na kukataa kuwaka hatari ikitokea. Vipo vingine ambavyo kati ya betri na koili hamna kitu ila swichi. Vya kwanza tumeviita vyenye kidhibiti, vya pili visivyo na kidhibiti, na kwa maoni yetu vya pili si vya mtu asiyekuwa na chombo cha kupimia omu mfukoni. Waya za koili zikigusana, au mguu wa koili ukigusa ukuta wa bori, ukinzani huporomoka, na ndiyo hali ambayo mafundi wetu wote huiita shoti. Marekani, mwaka 2018 na tena mwaka 2019, watu wawili waliuawa na vifaa vya namna hii vilivyolipuka midomoni mwao.

Tunarudi sasa kwenye juisi. Tungeweza kukubali neno hili kama mzaha wa vijana, lakini chupa huwekwa nyumbani, na nyumbani mna watoto. Chupa hizi ni ndogo, za rangi, zenye picha ya embe au nanasi, na zinanukia hivyo. Mtoto anayejua kusoma silabi akisoma juisi, atafanya kile ambacho kila mtoto hufanya na juisi. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2014, ziliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, na chupa isizidi mililita 10. Chupa hiyo, ambayo ni ya halali kabisa huko, ina miligramu 200 za nikotini, wakati mvutaji wa sigara moja ya tumbaku hupata mwilini miligramu 1 hadi 2 hivi. Kwa wanaochanganya wenyewe huuzwa kimiminika chenye miligramu 100 kwa mililita. Tena nikotini haihitaji kunywewa. Hupita katika ngozi, jambo ambalo wavunaji wa tumbaku hulipata wanapobeba majani mabichi yenye umande na kuanza kutapika na kuona kizunguzungu. Katika nchi yenye mashamba ya tumbaku Tabora, Urambo na Chunya, si habari ngeni.

Wapo wanaosema mafuta badala ya juisi. Hilo nalo tumelikataa, na sababu yake ni nzito. Glisirini na propilini glaikoli si mafuta. Huchanganyika na maji. Mtu akiamini kwamba kifukizi hutiwa mafuta, siku moja atatia mafuta. Mwaka 2019 ulizuka Marekani ugonjwa wa mapafu uliolaza hospitalini au kuua watu 2,807 kufikia Februari 2020, waliokufa wakiwa 68, na uchunguzi ulionyesha uhusiano mkubwa na asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichochanganywa katika vimiminika vya dondoo la bangi vya magendo. Vitamini ni jina jema, na mafuta ya kupaka ni kitu chema. Mapafuni ni jambo jingine.

Pendekezo letu ni refu kuliko juisi, na tunajua kwamba refu hushindwa na fupi sokoni. Tunasema kimiminika cha kifukizi kwa jina la jumla, na kimiminika cha nikotini pale nikotini ilipo, ili neno nikotini lisomeke juu ya chupa bila kutafutwa. Tulifikiria pia kiowevu, lakini wananchi wengi tuliowauliza hawakulitambua. Mkulima wa Ruaha Mbuyuni, tulipomweleza habari za nikotini, alitushangaza: alisema yeye mwenyewe zamani aliloweka majani ya tumbaku usiku kucha na kunyunyizia maji yake bustanini kuua vidukari. Alikuwa anaijua sumu hiyo kabla yetu. Alichokuwa hajui ni jina lake katika chupa ya kijana. Kwa upande wake, bado anaita alichotia katika bomba lake dawa, kama wanavyosema wakulima wote nchini, ingawa viuatilifu ni neno lililo rasmi na liko hata katika jina la mamlaka inayosimamia mambo hayo. Nozeli aliipuliza kwa mdomo kwa sababu ilikuwa ya dawa. Hatudhani angeitia mdomoni nozeli ya sumu.

Kuhusu sheria tutasema machache. Sheria yetu ya Bidhaa za Tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka uleule ambao Hon Lik alibuni kifaa chake, na bila shaka watunzi wake hawakuwa na habari naye. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Shisha ilipigwa marufuku hapa nchini mwaka 2016, na Kenya mwaka 2017; Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilizikataza shisha na sigara za kielektroniki pamoja. Waingereza kwa upande mwingine huwashauri wavutaji wa tumbaku wahamie sigara hizi ili waache, huku Shirika la Afya Duniani likionya. Ubishi huo ni wa madaktari. Sisi tunalazimika kuwa na maneno tayari kwa vyovyote watakavyoamua, maana kukataza kitu kunahitaji jina lake sahihi kama kukiruhusu kunavyohitaji, na hakimu atakayeulizwa kama kifukizi cha kusuka kisicho na kimiminika ndani yake ni bidhaa ya tumbaku au ni pambo la chuma atataka kuona neno lililoandikwa.

Limebaki neno moja ambalo kamati haijaafikiana. Kimiminika kikizidi ndani ya bori, kwa sababu pamba ni haba au pete ya hewa imefungwa huku mtu akivuta kwa nguvu, kifaa hutoa sauti ya kugugumia na matone ya moto huruka hadi ulimini. Waliotangulia walikuwa na neno la sauti hiyo, malio, lakini kwao ilikuwa sauti ya kupendeza, alama kwamba kiko kinakwenda vyema. Humu ni alama ya kasoro. Baadhi yetu wanasema maana ikigeuka kichwa chini, neno nalo liachwe. Wengine wanasema sauti ni ileile. Wasomaji wa Lamu, Pemba, Tanga na Kilwa ambao bado wanao wazee waliovuta kiko cha maji tunawaomba watuandikie ni neno gani lilitumiwa pale kiko kilipojazwa maji kupita kiasi na kumwagikia mdomoni mwa mvutaji, kwani hatuamini kwamba halikuwapo.